Mbinu za lugha katika ushairi: Kuitaja mbinu ni nusu ya kazi

WANAFUNZI wengi wa shule za upili huliogopa swali la ushairi kuliko swali jingine lolote katika karatasi ya fasihi. Sababu ya hofu hiyo aghalabu si ugumu wa mashairi yenyewe, bali ni namna yanavyofundishwa na kukaririwa. Mwanafunzi hupewa orodha ndefu ya istilahi, akaihifadhi moyoni neno kwa neno, kisha akaingia katika chumba cha mtihani akitafuta mahali pa kuzibandika istilahi hizo. Anapoliona neno "kama" huandika tashbihi. Anapoona neno limerudiwa huandika takriri. Baada ya hapo huweka kalamu chini, akiamini amemaliza.

Kwa hakika, hapo amefanya nusu tu ya kazi. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3) ya Mtihani wa Kitaifa wa Shule za Sekondari (KCSE), swali la ushairi huwa na alama 20 kati ya 80. Sehemu ya alama hizo hutokana na mbinu za lugha na uhuru wa mshairi, na maswali hayo kwa kawaida hudai mambo mawili au matatu kwa pamoja: jina la mbinu, mfano wake kutoka katika shairi, na pengine umuhimu wake. Anayetaja jina bila mfano huwa hajathibitisha lolote. Anayetoa mfano bila kueleza kazi yake huwa hajaonyesha kwamba amelielewa shairi.

Makala haya yanafafanua mbinu zinazopatikana sana katika ushairi wa Kiswahili, yakionyesha jinsi ya kuzitambua, kuzitenganisha na kueleza kazi ya kila moja.

Shairi la kielelezo

Ili mifano isitawanyike, shairi fupi lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala haya, na ndilo litakalorejelewa hadi mwisho. Msomaji analisoma lote kwanza, ikiwezekana kwa sauti, kabla ya kutafuta mbinu yoyote ndani yake.

Mto ulitunyonyesha, kama mama wa kichanga,
Mashamba ukayanywesha, ikamea na mipunga,
Watoto ukawaosha, wakang'ara kama shanga,
Mto leo unalia, muuaji ni mwanawe.

Taka twatupa majini, chupa na nguo chakavu,
Wavuvi walo njaani, waanika bure nyavu,
Wetu mto taabani, zatokeza zake mbavu,
Mto leo unalia, muuaji ni mwanawe.

Kesho tutakunywa wapi, ewe mwana, je, wajuwa?
Kesho tutalima wapi, nchi ikishaunguwa?
Kesho tuenende wapi, kwetu tukishabomowa?
Mto leo unalia, muuaji ni mwanawe.

Maana ya juu ya shairi hili si ngumu. Nafsineni, yaani anayezungumza ndani ya shairi, analalamika kwamba mto uliowalea watu wa mahali fulani sasa unakufa, na wanaouua ni wale wale uliowalea. Maana hiyo ndiyo msingi wa kila jibu litakalofuata. Mwanafunzi ambaye hajaipata hana budi kusoma tena, kwa kuwa mbinu haziwezi kuelezwa kabla ya ujumbe kueleweka.

Tamathali za usemi

Tamathali ni matumizi ya maneno yanayoyapa maana zaidi ya ile ya kawaida, ili kuibua picha, hisia au ulinganisho. Zifuatazo ndizo hujitokeza mara kwa mara.

Tashbihi ni ulinganishi wa vitu viwili kwa kutumia kiunganishi kama vile kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, ja au utadhani. Katika ubeti wa kwanza, watoto walioogeshwa mtoni "wakang'ara kama shanga" wamelinganishwa na shanga. Kazi yake ni kuonyesha usafi na uzuri ambao mto uliwapa watoto hao. Hata hivyo, si kila "kama" huleta tashbihi. Anayesema "kama utakuja, niarifu" ameweka sharti, naye anayesema "miji kama Kisumu na Nakuru" ametoa mifano. Ulinganishi wa kweli huhusisha vitu viwili vilivyo tofauti kimaumbile vinavyokutanishwa na sifa moja.

Istiari, ambayo wengine huiita sitiari, hulinganisha pia, ila bila kiunganishi. Kitu kimoja hupewa jina la kingine moja kwa moja. Katika ubeti wa pili, "mbavu" za mto zinazotokeza ni mawe na matuta ya mchanga yanayoonekana maji yanapopungua. Mshairi hakusema kwamba mawe hayo ni kama mbavu, ameyaita mbavu. Kazi ya istiari hii ni kumfanya msomaji auone mto kama mgonjwa aliyekonda kwa njaa, picha ambayo inaenda sambamba na njaa ya wavuvi iliyotajwa katika mshororo uliotangulia.

Tashihisi, au uhuishaji, ni kukipa kisicho binadamu sifa au matendo ya binadamu. Mto unaonyonyesha na mto unaolia ni mifano iliyo dhahiri. Namna rahisi ya kuhakikisha ni kuuliza: je, kitenzi hiki kwa kawaida hutendwa na kitu hiki? Mto hupita, hufurika na hukauka, kwa hivyo kusema "mto umekauka" si tashihisi. Mto haulii. Hapa pana haja ya tahadhari kuhusu mshororo wa pili wa ubeti wa kwanza. Kunywesha mashamba ni usemi uliozoeleka katika lugha ya kilimo, na mwanafunzi anayeutolea mfano wa tashihisi huku "unalia" umo katika shairi hilo hilo atakuwa ameacha ushahidi wenye nguvu na kuchukua ulio dhaifu.

Jazanda ni ulinganishi uliofichika ambao hutambaa katika shairi lote au sehemu yake kubwa. Shairi la kielelezo linaweza kusomwa kama habari ya mto halisi uliochafuliwa. Aidha, linaweza kusomwa kama habari ya mzazi anayetelekezwa na watoto aliowalea, au ya nchi inayofujwa na wananchi wake wenyewe. Usomaji wa pili na wa tatu unaruhusiwa kwa kuwa shairi lenyewe limeweka dalili: kunyonyesha, mama, mwanawe, kwetu. Jazanda haithibitishwi kwa kudhani; huthibitishwa kwa dalili zilizomo katika maneno ya mshairi.

Taashira ni kitu kinachotumiwa kuwakilisha wazo fulani, mara nyingi kwa mazoea ya jamii. Njiwa huwakilisha amani, nayo rangi nyeusi huwakilisha msiba katika tamaduni nyingi. Katika kielelezo, nyavu zinazoanikwa bure zinaweza kuchukuliwa kuwa ishara ya riziki iliyokatika.

Chuku ni kutia chumvi kupita kiasi ili kusisitiza au kuchekesha, mathalani kusema kwamba mtu alilia hadi machozi yake yakajaza mtungi. Mbinu hii huitwa pia mubalagha au udamisi. Mwanafunzi hana haja ya kuandika majina yote matatu. Moja likiwa sahihi linatosha.

Tasfida ni kutumia maneno ya adabu mahali pa yale yanayochukuliwa kuwa makali au ya aibu. Kusema kwamba mtu "ameaga dunia" badala ya "amekufa" ni tasfida. Inafaa kutambuliwa kwamba mshairi wa kielelezo amefanya kinyume chake kwa makusudi. Amechagua neno "muuaji", neno lisilo na staha yoyote, na ukali huo ndio unaobeba lawama yake.

Kinaya hutokea mambo yanapokuwa kinyume cha yanavyotarajiwa. Mtoto aliyenyonyeshwa hutarajiwa kumtunza aliyemlea, lakini hapa ndiye anayemwua. Kinaya hiki ndicho uti wa mgongo wa shairi lote. Kejeli ni jambo jingine. Hiyo ni dhihaka, maneno ya kubeza yanayomlenga mtu au kundi fulani. Shairi linaweza kuwa na kinaya bila kejeli, na hili ni mojawapo, kwa maana sauti yake ni ya majonzi wala si ya kubeza.

Mbinu za sauti na mpangilio

Mbali na tamathali, mshairi hupanga maneno yake kwa namna zinazoathiri sikio na fikira za msomaji.

Takriri, au uradidi, ni kurudia neno, kifungu au sauti kwa makusudi. Katika ubeti wa tatu, "kesho" linaanza mishororo mitatu mfululizo na "wapi" linafunga vipande vyake vya kwanza. Takriri hiyo inaonyesha wasiwasi wa mtu ambaye kila anapoelekeza fikira zake mbele anakutana na swali lile lile. Mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo. Huo ni sehemu ya muundo wa shairi, ingawa nao husisitiza ujumbe mkuu kwa kurudiwa kwake.

Usambamba ni kurudia muundo wa sentensi, hata kama baadhi ya maneno yanabadilika. "Kesho tutakunywa wapi" na "kesho tutalima wapi" ni miundo sambamba. Takriri huangalia neno. Usambamba huangalia umbo la sentensi. Mara nyingi mbinu hizi mbili hukaa pamoja, na mwanafunzi anayezitaja zote mbili hana budi kueleza kila moja kivyake.

Maswali ya balagha ni yale yasiyohitaji jibu. Maswali yote matatu ya ubeti wa tatu ni ya aina hii. Nafsineni hangojei kuambiwa mahali pa kunywa maji. Anamshurutisha msomaji akiri kwamba mahali hapo hapatakuwapo.

Nidaa ni kauli ya hisia kali, nyingi zikiambatana na alama ya hisi au vihisishi kama vile ah, ole na loo. Ritifaa ni kumsemesha mtu asiyekuwapo, aliyefariki, au kitu kisichoweza kusikia, kana kwamba kipo na kinasikia. Laiti mshairi angeuambia mto wenyewe "utusamehe", hiyo ingekuwa ritifaa. Mfano mashuhuri katika fasihi ya kale ni Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambamo mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, akiuzindua kwa kuukumbusha majumba ya fahari ya Pate yaliyogeuka magofu.

Tanakali za sauti ni maneno yanayoiga sauti au namna ya tukio, kama vile chubwi kwa kitu kinachotumbukia majini. Taswira nayo ni picha inayoundwa akilini mwa msomaji kutokana na maneno. Taswira si mbinu inayosimama peke yake kila wakati, kwa kuwa mara nyingi huwa zao la tashbihi, istiari au maelezo ya kawaida yaliyochaguliwa vyema. Chupa na nguo chakavu zinazoelea majini huunda taswira ya uchafu ingawa hamna tamathali yoyote katika maneno hayo.

Uhuru wa mshairi si tamathali

Kosa moja linalowagharimu watahiniwa alama ni kuchanganya tamathali na uhuru wa mshairi. Tamathali huhusu maana. Uhuru wa mshairi, ambao pia huitwa idhini ya ushairi, ni ruhusa ya kukiuka kanuni za kawaida za lugha, hasa ili kutimiza kanuni za utunzi ziitwazo arudhi.

Arudhi zenyewe ziko wazi. Kielelezo kina mishororo minne katika kila ubeti, kwa hivyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, kwa hivyo ni mathnawi. Kila kipande kina mizani 8, na mshororo mzima mizani 16. Vina vinabadilika kutoka ubeti mmoja hadi mwingine, yaani sha na nga, ni na vu, kisha pi na wa, kwa hivyo ni ukaraguni. Utenzi, kwa upande wake, huwa na kipande kimoja tu katika mshororo, na kwa kawaida mizani 8, kama ilivyo katika utungo maarufu wa Mwana Kupona wa mwaka 1858.

Njia bora ya kuthibitisha uhuru wa mshairi ni kulirudisha neno katika umbo lake la kawaida, kisha kuhesabu.

Inkisari ni kufupisha neno. "Wavuvi walo njaani" likirudishwa kuwa "wavuvi walio njaani" hufikisha mizani 9, moja zaidi ya inavyotakikana. Ufupisho huo umeletwa na mizani.

Mazida ni kurefusha neno. "Kesho tuenende wapi" likiandikwa "kesho tuende wapi" hubaki na mizani 7. Silabi moja imeongezwa ili kutimiza 8.

Tabdila ni kubadilisha umbo la neno bila kubadilisha idadi ya mizani. "Wajuwa", "ikishaunguwa" na "tukishabomowa" ni jua, ungua na bomoa zilizotiwa w. Idadi ya silabi haikubadilika hata kidogo. Kilichopatikana ni kina cha wa.

Kuboronga sarufi ni kupindua mpangilio wa kawaida wa maneno. "Zatokeza zake mbavu" kwa kawaida ingekuwa "mbavu zake zatokeza". Mpangilio huo wa kawaida una mizani 8 vile vile, lakini unaishia kwa za, na kina cha vu kingepotea.

Mwanafunzi makini ataona jambo jingine mwanzoni mwa mshororo huo huo. "Wetu mto taabani" nao umepinduliwa, ilhali "mto wetu taabani" ungekuwa na mizani ile ile na kina kile kile. Hapa arudhi hazikumlazimisha mshairi. Amelitanguliza neno "wetu" ili kulikazia, kwa kuwa hoja yake ni kwamba mto huu si wa mtu mwingine, na wala hakuna mwingine wa kulaumiwa. Jibu la "ili kutosheleza vina na mizani", ambalo wengi huliandika bila kufikiri, lingekuwa si sahihi katika mfano huu. Ni kwa sababu hii kuhesabu kunatangulia kujibu.

Zipo njia nyinginezo za uhuru huo, zikiwemo matumizi ya lahaja, ya msamiati wa kikale na ya maneno yaliyotoholewa kutoka lugha za kigeni. Zote huthibitishwa kwa utaratibu ule ule: onyesha neno, toa umbo la kawaida, eleza sababu.

Mashairi huru nayo yana mbinu

Kuna dhana potovu kwamba shairi lisilo na vina na mizani halina cha kuchambuliwa. Dhana hiyo ina historia. Mwaka 1954, Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoa mwongozo wa arudhi na kuwaathiri walimu wengi waliokuja baadaye. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyozipa kisogo kanuni hizo na kuzua mjadala mkali baina ya wanajadi na wanamapinduzi. Nchini Kenya, washairi kama vile Alamin Mazrui katika Chembe cha Moyo (1988) na Kithaka wa Mberia katika Mchezo wa Karata (1997) wameitumia njia ya shairi huru.

Shairi huru haliwezi kuulizwa bahari yake kwa kuhesabu mizani. Hata hivyo, tamathali, takriri, usambamba, taswira na kinaya huwa mlemle. Isitoshe, mshairi asiye na vina vya kuegemea aghalabu huzitegemea mbinu hizo zaidi, pamoja na urefu wa mishororo na mpangilio wa maneno katika ukurasa. Inkisari na tabdila hupungua, kwa kuwa zilihitajiwa na arudhi. Tamathali husalia, kwa kuwa zilihitajiwa na maana.

Mbinu ilipokuwa ngao

Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini washairi wasiseme wanalotaka kusema waziwazi. Historia ya ushairi wa Kiswahili ina majibu kadhaa, na moja linatoka hapa nchini.

Mwaka 1968, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? kikiikosoa serikali ya wakati huo waziwazi, bila fumbo. Alishtakiwa kwa uchochezi na kufungwa jela miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Akiwa gerezani aliendelea kutunga, na mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani iitwayo Sauti ya Dhiki. Mojawapo lina anwani ya Mamba, na wahakiki humsoma mnyama huyo kuwa mtawala dhalimu anayejidhania hafi. Jingine, Mnazi: Vuta N'kuvute, ni majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi, nao mnazi huo husomwa kuwa nchi na matunda ya uhuru wake.

Waraka ulionena wazi ulimpeleka mwandishi jela. Mamba na mnazi zilipita katika kuta za jela hiyo, zikachapishwa, na diwani hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Jazanda, basi, si pambo la kuwachosha wanafunzi. Kwa mshairi aliyetengwa na watu, ilikuwa njia ya kusema jambo ambalo lisingesemeka vinginevyo.

Karne moja na zaidi kabla yake, Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mjini Mombasa wakati ambapo watawala wa Kimazrui walivutana na Sultani Seyyid Said wa Oman. Mashairi yake ya siasa yalijaa mafumbo ambayo wasikilizaji wake waliyafumbua kwa kuwa waliyajua mambo yaliyokuwa yakizungumziwa. Ndiyo maana msomaji wa leo hana budi kujua muktadha wa shairi kabla ya kudai amelifumbua.

Jinsi ya kuandika jibu

Swali la kawaida husema: "Bainisha mbinu mbili za lugha zilizotumika katika shairi hili, na ueleze umuhimu wa kila moja." Jibu dhaifu litakuwa hivi:

"Tashihisi. Mto leo unalia. Imetumika ili kupamba shairi."

Jina ni sahihi na mfano ni sahihi, lakini umuhimu ulioelezwa ungeweza kubandikwa kwenye shairi lolote duniani. Jibu linaloridhisha litakuwa hivi:

"Mshairi ametumia tashihisi, 'Mto leo unalia'. Mto umepewa uwezo wa kulia kama binadamu. Umuhimu wake ni kumfanya msomaji auhurumie mto kama mzazi aliyeumizwa na mwanawe, na hivyo kuukubali wito wa kuacha kuuchafua."

Tofauti ya majibu hayo mawili si ufasaha wa lugha. Jibu la pili limeifunga mbinu kwenye ujumbe wa shairi husika. Kwa muhtasari, mwanafunzi azingatie yafuatayo:

1. Asome shairi lote angalau mara mbili kabla ya kuyatazama majibu yake, na ajiulize nani anasema, anamwambia nani, na kuhusu nini.

2. Asome swali kwa makini. Swali la "tamathali za usemi" halitaki inkisari, na swali la "uhuru wa mshairi" halitaki istiari.

3. Anukuu maneno yanayobeba mbinu yenyewe tu. Mshororo wa kwanza wa kielelezo una tashihisi katika "ulitunyonyesha" na tashbihi katika "kama mama wa kichanga". Anayenukuu mshororo mzima kwa mbinu moja humwacha mtahini akikisia anakusudia nini.

4. Akitaja idadi, kama vile ya mizani au mishororo, aihesabu kwa vidole, si kwa macho.

5. Akitakiwa kuandika ubeti kwa lugha ya nathari, aondoe uhuru wote wa mshairi: arudishe maneno katika umbo la kawaida, apange sentensi kwa sarufi sanifu, na ahifadhi maana. Ubeti wa pili ungeanza hivi: "Tunatupa taka majini, zikiwemo chupa na nguo zilizochakaa. Wavuvi walio na njaa wanaanika nyavu zao bure."

6. Asitumie "kupamba shairi" au "kuvutia msomaji" kama jibu la umuhimu, ila akieleza ni hisia gani au wazo gani lililoletwa na mbinu hiyo.

Walimu nao wana sehemu yao. Orodha ya istilahi ukutani ina manufaa, lakini mwanafunzi atafaidika zaidi akipewa nafasi ya kutunga ubeti mmoja wa tarbia yeye mwenyewe. Atakapokwama kwenye mizani ya 9 na kulazimika kulifupisha neno, ataijua inkisari bila kukariri ufafanuzi wake. Atakapotaka kumlalamikia mtu asiyeweza kumtaja, ataijua jazanda. Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo. Katika ushairi, mara nyingi lililo muhimu zaidi ni lile ambalo mshairi amelisema kwa jina la kitu kingine.